Jina Limechukuliwa: Majina ya Mitandaoni Yanavyopatikana

"Jina limechukuliwa, mama."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi simu pale Mwanjelwa, nikisubiri gundi ya kioo changu ikauke. Pembeni yangu mama mmoja muuza mchele alikuwa amemwomba kijana wa fundi amfungulie akaunti ya Instagram. Jina alilolitaka halikuwa na makuu: mchele, kisha Kyela, basi. Kijana akachapa, akamgeuzia simu aone maandishi mekundu chini ya kisanduku. Mama akayatazama kwa muda.

"Kachukua nani? Mchele wa Kyela nauza mimi, jirani yangu anauza, soko zima linauza. Mtu mmoja analichukuaje?"

Kijana akaongeza 1 mwishoni, ikagoma. Akaongeza 255, ikagoma. Mwishowe simu yenyewe ikaleta mapendekezo matatu, kila moja lina mkia wa tarakimu. "Chagua hapa mama yangu, haya yote yapo wazi." Mama akashusha pumzi. "Haya, mteja akinipigia kutoka Makambako akaniuliza peji yangu inaitwaje, hiyo mikia nitamtajiaje?"

Kijana hakuwa na jibu, na mimi pale sikuwa nalo. Nimelibeba swali hilo tangu siku ile, maana kila nikigeuka hapa Mbeya nakutana na mtu aliyekwama palepale: mwanafunzi anayefungua barua pepe ya kuombea chuo, dereva wa bajaji anayetaka kujitangaza, mchungaji aliyeshtuka kukuta akaunti nyingine ina jina lake na picha yake. Kila mmoja anasema "jina langu la mtandaoni", na kila mmoja anamaanisha kitu chake.

Bajaji moja, utambulisho mara tatu

Itazame bajaji inayotoka Kabwe kwenda Soweto, hapahapa Mbeya. Nyuma ina kibao cha namba za usajili. Hakuna bajaji nyingine nchini yenye namba zile, na ndizo trafiki anazoandika akikukamata. Juu ya kibao, dereva amebandika maandishi aliyoyapenda: jina la mtoto wake, neno la Mungu, au jina la mchezaji wa mpira. Maandishi hayo bajaji mia zinaweza kuwa nayo na hakuna atakayelalamika. Na ukifunua ndani, kwenye chuma, kuna namba ya chasisi iliyogongwa kiwandani, ambayo abiria haioni maisha yake yote.

Akaunti ya mtandaoni imejengwa hivyohivyo. Kibao cha namba ndilo *jina la mtumiaji*, lile linaloanza na alama ya @ na kuandikwa bila nafasi. Halirudiwi. Maandishi ya nyuma ni *jina la kuonekana*, lile linalokaa karibu na picha yako, lenye nafasi, herufi kubwa, hata vikatuni vya maua. Hilo mnaweza kuwa nalo watu elfu. Namba ya chasisi ni namba ya ndani ambayo mtandao wenyewe umeipa akaunti yako siku ilipozaliwa, na hiyo ndiyo mashine inayoitumia kukujua.

Ukilielewa hilo, hofu moja inaondoka papo hapo. Watu wengi wanaogopa kubadilisha jina la mtumiaji kwa kudhani watapoteza wafuasi na picha zote. Hawapotezi. Umebadilisha kibao, chasisi ni ileile. Kinachopotea ni njia ya kufika kwako: kama ulichapisha jina la zamani kwenye mifuko, kwenye vipeperushi, kwenye bango la duka, atakayelitafuta hatakukuta. Tena jina uliloliacha huweza kuchukuliwa na mtu mwingine, naye akapokea wageni wako.

Kuna neno la nne ambalo lazima tulitenge na hayo: *lakabu*, au jina la utani, au kama vijana wanavyosema, a.k.a. Lakabu haiko kwenye mashine yoyote. Iko midomoni mwa watu. Mtu anaweza kuichukua akaifanya jina la mtumiaji, lakini inaishi hata simu zote zikizimwa. Makala hii karibu yote inahusu safari ya lakabu kutoka mdomoni kwenda kwenye kile kisanduku chenye maandishi mekundu.

Kwa nini mashine haikubali majina mawili

Tatizo lilianza pale watu wengi walipoanza kutumia kompyuta moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT kule Marekani, walitengeneza mfumo uliowawezesha watumiaji kadhaa kuingia kwenye mashine ileile, kila mmoja na kazi zake. Mashine ikahitaji kujua ya nani ni ipi, kama mama lishe mwenye wateja ishirini anavyohitaji kukumbuka ugali dagaa ni wa nani na wali maharage ni wa nani. Mwaka 1971 mhandisi Ray Tomlinson akatuma barua pepe kati ya kompyuta mbili, akachagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta anakopatikana. Kwetu hilo halikuwa geni hata kidogo. Ni S.L.P. fulani, Mbeya. Namba ya sanduku inaweza kufanana na ya Iringa au ya Njombe, lakini neno "Mbeya" linamaliza ubishi.

Mitandao ya sasa ndiyo iliyoliondoa lile neno "Mbeya". Kwenye Instagram, TikTok au X, dunia nzima ni posta moja. Aliyefika kwanza akaandika neno "mchele", awe anauza au hauzi, awe Kyela au kwingineko, ndiye mwenye sanduku. Hata kama ameacha kuitumia akaunti miaka mingi, mara nyingi jina linabaki limeshikwa. Mama yule wa Mwanjelwa hakushindana na soko lake. Alishindana na kila mtu duniani aliyewahi kuandika herufi zile.

Nasi wa Nyanda za Juu Kusini tuna ugumu wetu wa ziada. Majina mengi ya koo za Kinyakyusa yanaanza na *Mwa-*, lenye maana ya mtu wa ukoo wa fulani: Mwakyusa, Mwaipopo, Mwakipesile. Majina ya kwanza nayo yanapendwa na kurudiwa kwa sababu yana baraka ndani yake. Lusajo ni baraka, Lugano ni upendo, Ipyana ni neema, Lwitiko ni imani. Ukisimama stendi ukaita "Lusajo!" kwa sauti, jiandae kuitikiwa na zaidi ya mmoja. Ukienda Makete utakuta Sanga mlango hadi mlango.

Sasa chukua mifumo ya zamani ya kompyuta, mingi ikiwa hairuhusu jina lizidi herufi 8. Kata "Mwakalinga" kwenye herufi ya nane, unapata *mwakalin*. Kata "Mwakalindile", unapata *mwakalin*. Koo mbili tofauti, jina moja. Waliotengeneza mifumo ile walikuwa na majina mafupi kwao, hawakuwaza ukoo ambao herufi zake za mwanzo ni za kila mtu na utambulisho wenyewe uko mwishoni. Leo nafasi imeongezeka, Instagram inakubali hadi herufi 30 na TikTok 24, ila X bado inaishia 15, na ndugu yangu mwenye jina refu la kwanza na ukoo wa Mwa- haingii humo bila kujikata mahali.

Mtaani kwetu majina yakigongana hatuna shida. Kuna Lusajo wa kwa Mzee, Lusajo fundi, Lusajo mrefu, Lusajo wa Uyole. Tunaongeza sifa, na sifa hiyo inatoka kwa watu wanaomjua. Mashine haimjui Lusajo yeyote. Haijui nani mrefu. Kitu pekee ilichonacho ni tarakimu, kwa hiyo inaongeza 4827. Ndiyo maana mapendekezo ya simu yanaudhi: ni lakabu iliyotolewa na asiyekujua.

Zamani ulipewa, sasa unajipa

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu naamini mabadiliko makubwa yako hapa kuliko kwenye simu zenyewe.

Lakabu kwetu ilikuwa kitu cha kupewa. Hukuamka asubuhi ukatangaza kwamba kuanzia leo uitwe hivi. Watu walikutazama, wakaona tabia, mwendo, kazi au tukio, wakakuita, na likikubali kwenye midomo ya wengi limeshakuwa lako, upende usipende. Hata wakoloni hawakusalimika. Emil von Zelewski, afisa wa Kijerumani aliyeongoza kikosi kilichoangamizwa na Wahehe pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, wenyeji walimwita Nyundo. Tom von Prince, aliyeshiriki kuvunja ngome ya Kalenga mwaka 1894 na baadaye akatawala Iringa, alijulikana kama Bwana Sakarani. Na Mkwawa mwenyewe, jina tunalolitaja shuleni na kwenye chuo na kwenye makumbusho ya Kalenga, ni mkato wa Mukwavinyika, jina la sifa la mtu aliyeteka nchi nyingi. Midomo ya watu ililifupisha. Jina likiwa zuri lakini refu, wanaolitumia watalikata wenyewe. Hilo lilikuwa kweli karne ya 19 na ni kweli leo kwenye simu.

Wanamuziki ndio waliotufundisha kujipa. Joseph Mbilinyi wa hapa kwetu alianza kusikika miaka ya 1990 akiitwa 2-Proud, akaja kuwa Mr. II, kisha Sugu. Alipokuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, bungeni alikuwa Mheshimiwa Mbilinyi, lakini ukipita Mafiati hukusikia mtu akisema Mbilinyi. Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya, kwenye vitambulisho ni Raymond Shaban Mwakyusa. Amechukua Ray kutoka kwenye Raymond, akaongeza kipande kingine, akapata neno ambalo halikuwapo. Hiyo ni akili kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu neno ambalo halikuwapo halijachukuliwa na mtu.

Sasa kila mwenye simu anafanya kazi hiyohiyo ya msanii, peke yake, dakika mbili, huku bando linakwisha. Nimetazama namna watu wa hapa wanavyojinasua, na kuna mbinu zinazojirudia.

Iliyo rahisi ni kukata na kuunga: silabi ya baba na silabi ya mama, au jina lako na la mwenza. Vijana wa sekondari wanapenda kugeuza. Mpwa wangu aliyeko Tukuyu anaitwa Lugano, naye mtandaoni ni Onagul. Aliniambia kwa fahari kwamba hakuna mwingine, na nilipotamka nikaona kweli linasikika kama jina la mtu wa nchi fulani ya mbali. Wengine wanabadilisha s kuwa z, au wanarudia herufi ya mwisho mara tatu. Wanaongeza kistari cha chini, nukta, "tz", "255" ambayo ni namba ya simu ya nchi yetu, au neno la Kiingereza la kudai kwamba wao ndio halisi.

Halafu wapo wanaotumia mahali, na hawa nawapenda. Mtoto wa Uyole. Binti wa Rungwe. Wapo wanaorudi kwenye lugha ya nyumbani: *nkamu*, ambalo Wanyakyusa wanamwita ndugu au rafiki, *ndaga*, la kushukuru, *kamwene*, salamu ya Iringa na Njombe, na *mnyalukolo*, neno la undugu ambalo watu wa Iringa wanaitwa nalo nchi nzima. Kuna sababu ya kiufundi kwa nini maneno haya yanafaa. Kiswahili kinazungumzwa na mamilioni, Kiingereza na mamilioni zaidi, kwa hiyo maneno yao mazuri yalikwisha zamani. Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kikinga na Kisafwa bado vina ghala zima halijaguswa. Lakini sababu kubwa naiona nyingine: mtu wa Dar akilisoma haelewi, mtu wa nyumbani akilisoma anatabasamu na kukuandikia inboksi. Jina limeshachagua nani wa kuzungumza naye.

Wafanyabiashara hawana muda wa hayo, wanaunga kazi na mahali: viatu na Mwanjelwa, parachichi na Rungwe, simu na Tunduma. Ni sawa, isipokuwa ukihamia Songwe na jina lako linasema Mbeya, utaeleza kila siku.

Kina dada wana hesabu tofauti, na wanaume wengi hatuijui. Dada yangu anatumia herufi mbili za mwanzo za majina yake na jina la ua, bila picha ya uso. Nilimuuliza kwa nini asiandike jina lake zuri tu. Akanifungulia inboksi ya akaunti yake ya zamani. Nilisoma ujumbe kama kumi hivi kutoka kwa wanaume asiowajua, wa kwanza unasalimia na wa mwisho unatukana kwa sababu hajajibu. Tangu siku hiyo sijawahi kusema kwamba anayeficha jina ana jambo baya. Mwalimu anaficha ili wanafunzi wasimfuate, muuguzi anaficha ili wagonjwa wasimwandikie usiku, binti anaficha ili alale.

Yanayosemwa vijiweni

"Nikitumia jina la uongo sijulikani." Hili ndilo lenye hatari kuliko yote. Jina la uongo linamficha mtu kwa jirani yake, na hata hapo si kwa muda mrefu, maana programu nyingi zikishapata namba yako ya simu zinakupendekeza kwa kila aliyekuhifadhi: "Huenda unamjua huyu." Kwa wenye mamlaka halifichi mengi. Akaunti nyingi hufunguliwa kwa namba ya simu, na laini za simu Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa. Waliokuwa hawajasajili walianza kufungiwa Januari 2020. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haiulizi uliandika jina gani, inauliza nani aliandika. Tena inakataza kujifanya mtu mwingine. Kujiita Onagul ni lakabu. Kujiita kwa jina la mchungaji fulani, ukaweka picha yake, ukaomba sadaka, ni kosa la jinai.

"Namba kwenye jina ni alama za Frimasoni." Nimeulizwa hili na watu wazima wenye akili zao, nami nalijibu kwa heshima. Namba nyingi ni zile ambazo mashine imezipachika baada ya jina kugoma. Nyingine ni jezi ya mchezaji, au mwaka wa kuzaliwa. Huu wa kuzaliwa ndio wa kuogopa, kwa sababu isiyohusu mapepo: watu wengi wanatumia mwaka huohuo kama namba ya siri ya pesa za simu. Umeandika nusu ya ufunguo wako mlangoni. Kwa watoto ni mbaya zaidi. Jina la mtoto, mwaka aliozaliwa na jina la shule yake, vyote kwenye mstari mmoja, ni taarifa ambayo mgeni hakupaswa kuwa nayo.

"Mwenye tiki ya bluu ni halisi." Ilikuwa na maana hiyo kwa kiasi fulani zamani. Twitter walianza kuiuza mwishoni mwa 2022, kabla mtandao haujabadilishwa jina kuwa X, na Meta wakafuata 2023 kwa Instagram na Facebook. Meta wanadai kitambulisho kwanza. X ni zaidi suala la malipo. Tiki peke yake isikufanye utume pesa.

"Nimeshalisajili Instagram, hivyo jina la biashara ni langu." Hapana. Mtandao umekupa kibao chake tu, tena kwa masharti yake. Jina la biashara kisheria linasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na alama ya biashara vilevile. Mtu anaweza kuwa na jina lako kule wewe ukiwa nalo huku, na mkifika kwenye ubishi karatasi ya BRELA ina uzito ambao peji haina.

Jingine si uvumi ila ni mtego, nalo limeiuma familia yangu. Shangazi yangu alikuwa akinunua vitenge kwenye peji moja aliyoiamini. Siku moja akaona tangazo la bei ya chini, jina lilelile, picha zilezile. Akatuma shilingi 85,000. Vitenge havikuja. Nilipokaa naye na kuweka majina mawili juu na chini kwenye skrini, tuliyasoma mara tatu ndipo tukaona: la uongo lilikuwa na kistari cha chini kimoja zaidi mwishoni. Kistari kile hakitamkiki. Macho yake yana miaka 60 na skrini yake ina ufa. Wengine wanaweka sifuri mahali pa o, au 1 mahali pa l, au wanarudia herufi iliyorudiwa tayari.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba onyo lilikuwapo. Alipokuwa analipa, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji, la mwanaume asiyemjua, ilhali muuzaji wake ni mwanamke. Shangazi akadhani ni mume wa muuzaji. Jina linalotokea wakati wa kulipa ndilo lililosajiliwa kwa kitambulisho, siyo lile ambalo mtu amejitungia, kwa hiyo pale ndipo pa kusimama. Hata hivyo kuna wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa mtu mwingine. Ndiyo maana inafaa kupiga *106# mara mojamoja uone kama kuna laini usiyoijua inayotembea kwa kitambulisho chako.

Litamke kwanza

Nikirudi kwenye swali la mama wa mchele, nadhani alikuwa ameshika jambo ambalo wataalamu wa mitandao hawalitilii mkazo. Sisi bado tunapeana majina kwa mdomo. Redioni, kanisani, kwenye Coaster, kwenye simu yenye mtandao wa kukatikakatika pale milima ya Isangati. Jina linalosomeka lakini halitamkiki limekatwa mguu mmoja. Kistari cha chini ukikitamka, asiyezoea anakiweka katikati ya herufi. Nukta inasahaulika. Herufi zilizorudiwa zinahesabiwa vibaya. Na huku kwetu kuna L na R, ambazo wengi tunazibadilishana tangu utotoni bila kujua. Jina lenye zote mbili litaandikwa namna nne na watu wanne.

Kwa hiyo nikimsaidia mtu sasa simpi orodha ya majina. Namuuliza: wanaokujua tayari wanakuitaje? Mara nyingi lakabu imeshatolewa, mwenyewe ndiye hajaisikia kama jina. Kisha namwomba alitamke mara moja, na mtoto wa darasa la nne aliandike. Akikosea, tunatafuta lingine. Likipita, linafunguliwa siku hiyohiyo kwenye mitandao yote mitatu au minne, hata kama atautumia mmoja tu, ili asije mwingine akalishika huko.

Siku ile sikuwa nimefika huko. Aliyefika alikuwa mwenye benchi, fundi mkubwa, aliyekuwa ameinamia saketi na mswaki wa kusafishia muda wote. Bila kuinua uso akasema, "Mama, sokoni wateja wakielekezana kwako wanasemaje?"

Mama akafikiri. "Wanasema nenda kwa yule mwenye kilemba."

Kweli, alikuwa nacho kichwani, cha kitenge cha njano, kimefungwa juu kama mnara. Kijana akachapa mchele na kilemba, pamoja, bila nafasi wala mkia. Maandishi mekundu hayakutokea. Mama akaomba simu yake, akatafuta namba, akapiga.

"Haloo, wa Makambako? Andika hii. Mchele kilemba. Kilemba. Hapana mwanangu, L, L ya Lusajo. Haya, nisomee."